Kutazama na Kutunga: Mchezo wa Kuigiza katika Shule za Meru na Embu

Historia ya mchezo wa kuigiza wa Kiswahili nchini Kenya imezoea kupita njia mbili. Njia ya kwanza huanzia pwani, kwa kuwa huko ndiko kwenye lugha. Ya pili huanzia Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kwenye majumba, wachapishaji na chuo kikuu. Nchi iliyo mashariki ya Mlima Kenya haimo katika njia yoyote ya hizo. Hutajwa, kama inatajwa, kwa kahawa, majani ya chai na miraa. Makala haya yanaichunguza nchi hiyo, yaani wilaya za zamani za Meru na Embu ambazo leo ni kaunti tatu za Meru, Tharaka-Nithi na Embu, kwa kuuliza jinsi mwanafunzi wa huko alivyojifunza tamthilia. Jibu letu ni kwamba alijifunza kwa kutazama kabla ya kutunga, na kwamba katika kila kipindi palitokea kizuizi baina ya kutazama na kutunga. Kizuizi hicho kilibadili sura. Mara kilikuwa pasi ya mkoloni, mara hofu ya mwalimu mbele ya mkuu wa wilaya, na siku hizi ni mtihani na mtunzi wa kukodiwa.

Yafaa tuanze kabla ya shule. Miongoni mwa Wameru upo utanzu wa kirarire, ambao ni majibizano ya nyimbo yaliyofungamana na jando. Upande mmoja hutoa fumbo. Upande wa pili hauna budi kulifumbua na kutoa lake. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba hakuna anayehudhuria kirarire kama mtazamaji tu. Anayesikiliza hujibu, na hujibu usiku huo huo, kwa maneno ambayo hakuja nayo kutoka nyumbani. Ukiongeza ngoma za Wachuka, michezo ya Waembu na Wambeere, na mabaraza ya Njuri Ncheke ambamo hoja hujengwa kwa methali na kwa namna ya kusimama mbele ya watu, utaona kwamba kijana aliyeingia shuleni hakuwa mgeni wa sanaa za maonyesho. Alikuwa mgeni wa jukwaa lenye mstari unaowatenga wachezaji na watu walioketi kimya.

Mstari huo uliletwa na misheni. Waanglikana wa C.M.S. walifika Kigari, juu ya mji wa Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakajenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka 1912. Wakatoliki wa Consolata wakaenea Imenti. Waskoti wakafika Chogoria mwaka 1922. Kila misheni ilikuwa na ukali wake juu ya ngoma na jando. Badala yake waumini walipewa nyimbo za tenzi na maigizo ya Krismasi, ambayo maneno yake yalikwisha kuandikwa na ambayo hayakuwa na nafasi ya mtu kujibu. Hatusemi kwamba misheni ziliua sanaa. Kirarire kilidumu. Tunachosema ni kwamba kuanzia hapo kukawa na maarifa mawili ya mchezo, moja la nyumbani na moja la shule, na la shule ndilo lililopewa alama.

Kijana aliyefaulu Kigari, Kaaga au Chogoria aliweza, akibahatika, kuendelea hadi Alliance High School huko Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Chini ya Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, shule hiyo iliigiza Shakespeare kila mwaka kana kwamba ni ibada. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma hapo katika miaka ya 1950, ameieleza desturi hiyo katika maandishi yake. Lakini katika ukumbi huo huo, wanafunzi wengine walifanya jambo ambalo halikuwamo katika ibada. Walitunga michezo yao wenyewe, na wakaitunga kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini..., iliyochapishwa mwaka 1957. Bethuel Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini?; Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Majina tu ya tamthilia hizi yanatosha kuonyesha walichokuwa wakishughulika nacho: mapenzi, polisi, uchawi na mashaka ya kijana aliyekwisha kutoka kijijini lakini hajafika mjini.

Kwa nini Kiswahili? Wahakiki wengi hupita swali hili upesi, nasi twaona ndilo lenye uzito. Katika bweni moja la Alliance walilala Mmeru, Mwembu, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo. Lugha ya mama ingemfaa mmoja na kuwaacha wanne. Kiingereza kilikuwa lugha ya jukwaa rasmi na ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Kosa la sarufi mbele yake lilikuwa aibu ya wiki nzima. Kiswahili kilikuwa katikati. Hakikuwa lugha ya kwanza ya mtunzi wala ya hadhira yake, lakini kilikuwa cha wote, na mtu aliweza kukikosea bila kuonekana mjinga. Waliojifunza kutazama kwa Kiingereza walijifunza kutunga kwa Kiswahili. Baadaye serikali ya kikoloni yenyewe ilitambua nguvu hiyo: Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wake wa muziki na drama, aliandika Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zote zikachapishwa mwaka 1957. Hata hivyo ipo tofauti kati ya mchezo unaotungwa na ofisa ili watu waelimike na ule unaotungwa na mwanafunzi kwa sababu ana la kusema.

Sasa turudi mashariki ya mlima, maana ya Alliance yalikuwa ya wachache mno. Mwezi wa Novemba 1952 Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya ulifunguliwa Nairobi, ng'ambo ya barabara kutoka Norfolk Hotel. Wiki chache tu kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba, serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Kanuni zilizofuata ziliwatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la watu wa kushukiwa. Walitakiwa kuwa na pasi ili watoke katika wilaya zao; Aprili 1954, katika msako mkubwa wa Nairobi, maelfu kwa maelfu yao walikamatwa na kupelekwa vizuizini au kurudishwa makwao; na huko makwao wengi walihamishiwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki. Kwa hiyo jumba lililopewa jina la taifa lilifunguliwa wakati ule ule ambapo mwanafunzi wa Embu hakuweza kusafiri kwenda Nairobi bila karatasi ya kibali. Hata angefika, bei na rangi vingemsimamisha mlangoni. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Tamasha la drama la shule lilikuwa limeanzishwa mwaka 1959, nalo katika miaka yake ya mwanzo lilikuwa mali ya shule za Wazungu, kwa Kiingereza, huku waamuzi wakitazama zaidi matamshi.

Uhuru uliondoa pasi, haukuondoa masafa. Kutoka Embu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 120, na kutoka Meru ni zaidi ya 220. Anayeijua barabara ya Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, na jinsi inavyoshuka na kupanda katika mabonde ya Thuci, Nithi na Mutonga, ataelewa kwamba kwa shule ya miaka ya 1960 safari ya kwenda kutazama mchezo wa saa mbili haikuwa jambo la kufikiriwa. Ilibidi mchezo wenyewe usafiri.

Mfano wa kwanza wa jambo hilo ulitoka Uganda. Mwaka 1965, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na David Cook, waliunda kundi la maigizo ya kuzunguka, wakabeba michezo mifupi katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kuicheza mahali popote palipokuwa na watu. Kuanzia 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kundi lake la bure la kuzunguka, ambalo John Ruganda alikuwa mmoja wa viongozi wake. Kundi hili lilikwenda mikoani, likicheza katika kumbi za shule, viwanjani na sokoni.

Tusidharau alilojifunza mwanafunzi kwa michezo ya namna hii. Ukumbi wa Kitaifa humfundisha mtazamaji kwamba tamthilia ni pazia, taa, viti vya kitambaa na tiketi. Mchezo wa kuzunguka humfundisha kinyume chake. Sanduku moja la mbao huwa meza ya chifu, kisha huwa kitanda cha mgonjwa, kisha jeneza. Mwigizaji hubadili nguo nyuma ya shuka iliyoshikwa na wenzake wawili. Jua ndilo taa. Mwanafunzi aliyeyaona hayo hakuwa tena na sababu ya kusema, "Sisi hatuna ukumbi." Kwa maoni yetu hili lilikuwa somo kubwa kuliko maudhui ya mchezo wowote, nalo halijaandikwa katika muhtasari wowote wa masomo.

Wakati huo huo fikra zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu. Septemba 1974 walimu wa fasihi wa shule za sekondari walikutana katika Nairobi School kujadili mafundisho ya fasihi ya Kiafrika. Kwa mwalimu wa Chuka au wa Siakago maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa: kirarire, kilichofukuzwa mlangoni na misheni, kingeweza kurudi darasani kwa jina la fasihi simulizi.

Hapa ndipo anapoingia Micere Githae Mugo. Alizaliwa mwaka 1942 Baricho, Kirinyaga, na msomaji akumbuke kwamba Kirinyaga ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu mpaka mwaka 1963. Alisoma Embu, kisha Alliance Girls, na mwaka 1961 akaingizwa Limuru Girls, shule iliyokuwa ya wasichana wa Kizungu. Kutoka huko alikwenda Makerere. Yaani alipita kila daraja la utazamaji ambalo mkoloni alimwekea mtoto wa Kiafrika aliyefaulu. Mwaka 1976 yeye na Ngugi wa Thiong'o walitoa The Trial of Dedan Kimathi, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo, miaka ishirini na minne kamili tangu kutangazwa kwa Hali ya Hatari, ikachezwa katika Ukumbi wa Kitaifa chini ya uelekezi wa Seth Adagala. Ilipewa siku chache tu, kwa sababu ukumbi ulikuwa umekwisha kupangiwa burudani za kigeni. Usiku wa ufunguzi hadhira haikubaki vitini. Ilijiunga na waigizaji kwa wimbo na kucheza, ikatoka nao hadi barabarani. Wahakiki wamelifasiri tukio hilo kwa siasa, na wana haki. Sisi twalitazama pia kwa upande wa sanaa: watu waliokuwa wameketi walijibu. Haishangazi kwamba mtunzi huyo huyo, katika andiko lake la 1991 kuhusu fasihi simulizi na haki za binadamu, alirudi kwa Wandia wa Kirinyaga kutafuta nadharia yake ya sanaa. Hakwenda Ulaya kuitafuta.

Raphael Kahaso aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1978 kwa jina Mzalendo Kimathi. Kwa mashariki ya mlima tafsiri hii ilikuwa na maana ya pekee. Misitu iliyotajwa ndani yake ilikuwa misitu iliyoonekana kutoka dirishani, na katika familia nyingi walikuwamo waliopigana na waliolinda kambi za mkoloni, wakiketi meza moja. Lakini wakati haukuwa mzuri. Novemba 1977 serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mchezo wa Kamiriithu, Ngaahika Ndeenda, na tarehe 31 Desemba Ngugi akatiwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa, na Micere Mugo akaondoka nchini. Alifariki ughaibuni mwaka 2023.

Somo lililofika katika shule za mikoani lilikuwa wazi. Kibali cha kuonyesha mchezo kilikuwa mikononi mwa utawala wa mkoa, na mwalimu wa drama alijifunza kukisoma kichwa cha mkuu wa wilaya kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Dhamira zikajikusanya mahali salama: ulevi, mimba za mapema, mama wa kambo mkatili, baadaye UKIMWI. Haya ni mambo ya kweli na yanastahili kutungiwa. Ila ni mambo ambayo mwenye kulaumiwa ndani yake kila mara ni mzazi maskini au msichana.

Haki itendeke hata hivyo: katika miaka hiyo ya giza tamasha la shule ndilo lililobaki shule kuu ya tamthilia nchini. Wasambo Were, akiwa mkaguzi wa shule aliyesimamia drama, alisukuma kazi zilizotungwa na Wakenya zichukue mahali pa zile za kigeni, na katika miaka ya 1980 fainali zikaanza kuzungushwa mikoani badala ya kubaki Nairobi. Vyuo vya ualimu navyo, kama vile Kigari, Egoji na Meru, vilitoa walimu waliopelekwa katika shule za msingi za ndani kabisa. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Igembe au wa Mbeere aliweza kuuona mchezo mzuri wa Kiswahili kwa kupanda gari hadi makao makuu ya wilaya, na akauona umechezwa na mtoto wa umri wake. Hilo la mwisho si dogo. Aliyewatazama waigizaji wa chuo kikuu alistaajabu, aliyemtazama mwenzake wa darasa la saba alirudi nyumbani akiwaza, "Hata mimi."

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Tamthilia ikaingia kila darasa la sekondari kupitia vitabu teule. Huu ulikuwa ushindi mkubwa kwa lugha, nasi tunaoishi kwa kuifundisha tuna deni kwake. Papo hapo ulizaa aina mpya ya utazamaji, na juu ya hiyo tungependa kukaa kidogo.

Tuchukue mfano wa Kithaka wa Mberia. Alizaliwa Tharaka mwaka 1955, katika nchi kame ya mashariki ya wilaya ya zamani ya Meru, akawa mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mshairi na mtunzi wa tamthilia. Natala (1997) inahusu mjane anayekataa kurithiwa. Kifo Kisimani (2001) inahusu nchi ya Butangi, ambako Mtemi Bokono anahodhi maji na mpinzani wake Mwelusi anauawa kisimani kwa mkono wa ndugu yake mwenyewe. Maua kwenye Jua la Asubuhi (2004) inahusu mapigano ya kikabila. Kifo Kisimani ilikuwa kitabu teule cha KCSE hadi mwaka 2012, ikafuatwa na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, na tangu 2023 Bembea ya Maisha ya Arege.

Tamthilia teule huleta makundi ya waigizaji wa kulipwa, ambayo huzunguka shuleni yakiicheza kwa kiingilio. Shule iliyo na basi huwapeleka wanafunzi mjini. Isiyo na basi hulikaribisha kundi katika bwalo la chakula, meza zikisogezwa ukutani. Kwa umbo, huu ni mchezo ule ule wa kuzunguka wa 1965 na 1974. Kwa roho ni kitu kingine. Wanafunzi huketi na madaftari magotini. Pakitokea kinaya, mikono huandika "kinaya". Tumewahi kumsikia mwigizaji akiukatiza usemi wake mwenyewe ili awaonye wanafunzi kwamba hapo hutoka swali la dondoo, muktadha alama nne, na bwalo zima likashangilia kwa nguvu zaidi kuliko liliposhangilia mchezo. Hatuwalaumu waigizaji, wanauza kinachonunuliwa. Wala hatudai kwamba wanafunzi hawafaidiki, kwani wengi hulielewa onyesho moja kuliko masomo ya muhula mzima. Lakini hakuna anayetazamiwa kujibu. Mchezo umekwisha kutungwa, maswali yake yamekwisha kutungwa, na majibu yake yanauzwa katika vijitabu vya mwongozo.

Katika Tharaka hasara ya hali hiyo huonekana waziwazi. Kwa mwanafunzi wa Nairobi kisima cha Butangi ni ishara, na mwalimu humwambia ni ishara ya rasilimali ya umma. Kwa mwanafunzi wa karibu na Marimanti kisima ni kisima: ni mchanga wa mto uliochimbwa kwa mikono wakati wa kiangazi, ni foleni ya mitungi ya manjano, ni dada aliyechelewa shule. Mwaka 2023, katika shule moja ya upande huo ambako wanafunzi wetu wa ualimu walikuwa mazoezini, tuliwaomba vijana wa kidato cha tatu wasome sehemu ya Kifo Kisimani, waicheze chini ya mti, kisha wafunge kitabu na watunge mchezo wao juu ya maji. Vikundi viwili viliiga tu, wakawabadilisha watemi majina. Kundi la tatu, la wasichana watano, lilitunga mchezo ambao haukuwa na mtemi. Ulikuwa na mzee mwenye ufunguo wa bomba la kijiji. Si mwovu. Amechoka, halipwi, na ufunguo ndio kitu pekee maishani mwake kinachowafanya watu wamwamkie. Wanawake wanapopanga kumnyang'anya, mke wake ndiye anayewasihi wamwachie, kwa kuwa anajua atakuwa nani asipokuwa nao.

Wasichana hawa waliuandika mchezo kwa Kiswahili safi mpaka kwenye ugomvi. Hapo wahusika wakatukanana kwa Kitharaka. Mwalimu mmoja kijana aliuliza kama apige mstari mwekundu, na swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa maana mtihani hauruhusu, na mchezo unaosajiliwa tamashani kuwa wa Kiswahili hauna budi kubaki Kiswahili. Rai yetu ni kwamba asipige. Kiswahili cha Alliance kilifaa kwa sababu kilimpa mwanafunzi uhuru wa kusema. Kikigeuzwa kuwa kalamu nyekundu nyingine, kitakuwa kimekalia kiti cha Kiingereza cha Carey Francis. Mchezo ulipochezwa, watazamaji walianza kumjibu mzee wa ufunguo kutoka walikoketi, wengine kwa methali, na waigizaji wakalazimika kuwajibu bila maandishi. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo.

Kazi ya namna hii haifiki tamashani. Tamasha la leo, lililoongezewa filamu, ni kubwa na la fahari. Fainali za 2024 zilifanyika Embu, na wenyeji walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini shule inayotaka kushinda hukodi mtunzi, na mara nyingi mwelekezi pia. Mwamuzi huuona mchezo uliokamilika, wenye lugha ya mtu wa miaka arobaini katika kinywa cha msichana wa miaka kumi na sita. Cheti huandikwa jina la shule.

Suala hili lilifichwa na kelele za mambo mengine katika kisa cha Butere Girls. Mwaka 2013 mchezo wa shule hiyo, Shackles of Doom, ulizuiwa na Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Aprili 2025, katika fainali za Nakuru, mchezo wao Echoes of War ulikumbana na polisi na gesi ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuucheza. Michezo yote miwili ilitungwa na Cleophas Malala, mwanasiasa. Taifa lilijadili uhuru wa Malala kuandika na hofu ya serikali kumsikia, na ilibidi lijadili hivyo, kwa kuwa aliyewapulizia watoto gesi hana utetezi. Hata hivyo sikusikia mtu akiuliza wasichana wenyewe wangeandika nini. Kitu kimoja tu walichokifanya siku ile hakikuwamo katika mswada wa mtu yeyote, nacho ni kule kuimba na kuondoka.

Mwaka 2026 shule za upili za mtaala mpya zilianza kupokea wanafunzi wa gredi ya kumi, na drama na filamu zimo kama somo la kuchaguliwa katika mkondo wa sanaa na michezo. Walimu wake watatoka, kwa sehemu kubwa, katika vyuo vikuu vya karibu nao: Chuka, Embu, Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, na chuo cha Wamethodisti pale Kaaga. Idara za Kiswahili za vyuo hivi zina jambo ambalo zinaweza kulifanya bila kungoja ukumbi wala fedha: mwanafunzi wa ualimu anayepeleka darasa kutazama tamthilia teule atakiwe, kabla ya kupewa alama ya mazoezi, kuleta mchezo mfupi uliotungwa na darasa hilo wiki ile ile, wenye majina ya waliouandika. Na miswada hiyo ihifadhiwe maktabani. Ule wa mzee wa ufunguo una kurasa kumi na moja, umeandikwa kwa mkono katika daftari la hesabu, na kwa sasa umo katika droo ya mwalimu wa darasa.